Wafanyakazi Wawili wa Bi Pringle

Katriena Februarie, Trien kwa kifupi, alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha nguo huko Salt River, na kwa mkasi hakuwa na mpinzani. Kazi hiyo aliiacha mwenyewe, akaenda kuwapikia Wazungu, naye hata wali ulikuwa ukimwungulia. Watu walisema akili zimemruka.

Kwa miaka mingi alikuwa akiishi chumba kimoja na Thozama Gqirana, mfagiaji wa hospitali, katika Wilaya ya Sita. Majirani walishachoka kuuliza. Kisha serikali ya ubaguzi wa rangi ikatangaza kwamba mtaa mzima sasa ni wa Wazungu. Trien, kwa kuwa aliandikwa Chotara, apelekwe Manenberg kwenye mchanga na upepo. Thozama, kwa kuwa ni Mweusi, arudi kwao mashambani Transkei, ambako hakuwa tena na mtu. Kaka yake Trien alisema mlango wake u wazi kwa dada yake, ila huyo mwenzake ashike njia ya kwao.

Trien ndiye aliyeuona mwanya. Sheria haikuwaruhusu kupanga nyumba moja, lakini hakuna aliyejali wakilala pamoja uani kwa Mzungu, mradi wanamfulia na kumpikia. Wakampata Bi Pringle, mjane wa Sea Point. Trien akamwambia kwamba Thozama ni wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa mzima wa afya, lakini Trien hakuona tabu kumzika.

Bi Pringle akamtilia Thozama saini kwenye kipande, kibali cha Mweusi kukaa mjini, akawapa chumba chenye vitanda viwili vya chuma. Thozama ndiye aliyepika kwa siri huku Trien akipiga deki, na sahani zikifika mezani Trien ndiye aliyesifiwa. Magoti yakamvimba. Vidole vilivyozoea hariri vikapasuka kwa sabuni. Jioni walikuwa hoi, hata kushikana mikono ilikuwa kazi.

Siku moja mchana Bi Pringle aliingia chumbani bila kubisha hodi, akitafuta pasi ya nguo. Akaona kitanda kimoja kimetandikwa, mito miwili kichwani. Kingine kilikuwa na rundo la nguo, sufuria na mwavuli. Akakitazama kwa muda. Thozama na Trien walikuwa kando wakikunja mashuka.

“Hiki hakilaliwi?” bibi akauliza.

“Kina kunguni, bibi,” Trien akasema.

Bi Pringle alirudi nyuma hadi uani. Kitanda kikatupwa siku hiyohiyo. Kisha akawasimamisha wote wawili karibu na bomba, vichwa wazi, mtunza bustani wa jirani akitazama, akawamwagia unga wa dawa nyweleni, shingoni na ndani ya kola, kama mtu anayenyunyizia kabichi. Akasema hawezi kuwalaumu, hawa watu ndivyo walivyolelewa.

Bi Pringle alipoingia ndani, Thozama alibaki amesimama, nyusi zake nyeupe kwa unga.

“Mama yangu alikuwa akipaka sakafu samadi kila wiki,” akasema. “Kwetu hajapatikana kunguni hata mmoja.”

“Najua.”

“Ungesema kimevunjika.”

“Angekuja kukitengeneza.”

Thozama alifikiri, akaona ni kweli, na ukweli wenyewe ukamchosha zaidi. Akafungua bomba, akamwinamisha Trien kichwa, akaanza kumwosha, taratibu, nyuma ya masikio.

“Nimechoka, Thoza,” Trien akasema, maji yakimwingia mdomoni.

“Nani hajachoka? Funga macho.”

Bi Pringle aliahidi kununua kitanda kingine. Hakununua, nao hawakumkumbusha. Walimtumikia hadi alipofariki, wakatafuta kazi kwingine, pamoja, wakisema ni mawifi. Trien hakushika tena mkasi wa kiwandani. Siku ile ya kunguni, baada ya kuoga, walipeleka chakula mezani, wakaosha vyombo, wakaingia kulala mapema, wote wakinuka dawa.