Sehemu ya Mlinzi

Mwalimu wa fasihi wa kidato cha tatu aliletewa tamthilia mbili mpya achague moja ya kusoma na darasa lake. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, juu ya bwana harusi bahili aliyetaka kuoa bila kulisha wageni. Aliisoma huku anamsuka binti yake, akacheka, akaiweka kando. Ya pili ilihusu kiwanda cha nguo kilichoungua na wafanyakazi wamefungiwa ndani. Hiyo aliianza amesimama jikoni, na hakukaa hadi mumewe alipouliza kama leo watakula au watashinda wakitazamana.

Alijua fika yuko shule gani. Darasa hili lilipokuwa kidato cha kwanza, bweni la wasichana liliungua na wanafunzi watatu wakafia ndani. Wazazi waliambiwa ni hitilafu ya umeme, mlango wa nyuma ulikwama kwa joto, na watoto walizidiwa na moshi usingizini. Bweni likajengwa upya, likapakwa rangi ya kijani, maneno yakaisha. Mmoja wa wale watatu alikuwa na pacha wake darasani humu. Aliyebaki bado wenzake walimwita Pacha, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi kumbadilishia jina.

"Chukua ya harusi, mwalimu," mkuu wa shule alimwambia. "Watoto wacheke, wafaulu, waende zao."

"Ya kiwanda ina mengi ya kufundisha, mkuu."

"Ndiyo maana nakwambia uchukue ya harusi."

Mwalimu alikuwa mbishi, na ubishi wake aliuita msimamo. Siku ya pili alilisomea darasa kurasa za mwanzo za tamthilia zote mbili. Kwa bwana harusi waligonga madawati kwa kicheko. Kwa kiwanda hakuna aliyekohoa. Akawauliza wanataka ipi, wakaanza kutazamana. Mwishowe Pacha, ambaye kunyoosha mkono kwake kulikuwa kwa nadra, alisimama.

"Ya harusi tutaisoma wenyewe kitandani, mwalimu. Hii nyingine tunataka tuisome na mtu mkubwa."

Basi mwalimu akapiga moyo konde, akaichagua. Mkuu aliposikia alisema, "Haya. Likitokea la kutokea, mimi simo."

Wakati wa mapumziko matroni wa bweni alimfuata ofisini. Alikuwa mama wa mwili mkubwa na sauti ya kuamsha jengo zima kwa mkupuo mmoja. Wasichana walimwita Filimbi. Leo sauti hiyo aliiacha mlangoni.

"Nasikia mnasoma kitabu cha moto."

"Ndiyo, mama."

"Humo ndani kuna mlinzi wa mlango, wanasema. Mwisho wake ni nini?"

"Anakimbia na funguo mfukoni."

Matroni alivuta kiti, halafu hakukaa. "Chagua kingine, mwanangu. Nakuomba kama mzazi wako."

"Watoto wameomba wenyewe, mama. Labda kitawatua mzigo."

"Sikusema kwa ajili yao."

Mwalimu alilisikia neno hilo vizuri kabisa. Lakini kengele ililia, vitabu vilikuwa mkononi, na darasa lilikuwa linamsubiri. Akamgusa bega yule mama, akapita.

Kugawa sehemu kulikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya mlinzi. Hapo kila mmoja akagundua ana kitu cha kutafuta ndani ya dawati. "Nipeni mimi," Pacha alisema. Mwalimu alitaka kukataa, akaona kukataa ndiko kutamuumbua zaidi, akamwacha.

Pacha alimsoma mlinzi yule bila kumfanya jini wala kumwonea huruma. Alimfanya mtu mwoga tu, mwenye familia, anayefikiria kibarua chake. Walipofika pale wafanyakazi wanapougonga mlango, wasichana wa nyuma wakagonga madawati kama kitabu kilivyoagiza, polepole kwanza, kisha kwa fujo.

Mlango wa darasa ukafunguliwa. Matroni alikuwa amesimama pale na shuka mbichi alizotoka kuanua kwenye kamba iliyo nje ya dirisha la darasa.

"Haukukwama," alisema.

"Mama, njoo tuzungumze nje," mwalimu alimwambia.

"Ule mlango haukukwama. Niliupiga kufuli mimi. Mkuu aliniamuru nifunge, wasichana walikuwa wanatoroka. Nikafunga nikaenda kwangu, mwanangu alikuwa na homa. Niliporudi mbio moto umeshashika paa. Ufunguo niliutoa kwa pupa, ukaniponyoka gizani. Mpaka nimeuona, walikuwa wameacha kugonga."

Pacha alikuwa bado ameshika kitabu. "Waliacha wote mara moja?"

"Hapana. Mmoja alibaki anagonga."

"Nani?"

"Sijui, mwanangu. Mlango ulikuwa katikati yetu."

Msichana mmoja alianza kulia kwa sauti, wengine wakafuata. Pacha hakulia. Alikaa, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Polisi walikuja, matroni akaeleza yote tena bila kuzunguka, wakamchukua. Mkuu alisema hajawahi kutoa amri kama hiyo. Ilikuwa ya mdomo, walikuwa wawili tu, na mmoja wao sasa alikuwa mahabusu. Mkuu akabaki kwenye kiti chake. Vitabu vya kiwanda vilikusanywa, darasa likagawiwa vya harusi.

Mama yake Pacha alikuja shuleni kumchukua binti yake apumzike nyumbani. Alimkuta mwalimu kwenye ukumbi wa ofisi.

"Ulikuwa unatafuta nini, mwalimu?"

"Mama, sikujua. Naapa sikujua."

"Tuliambiwa alikwenda usingizini, moshi ulimchukua hata hakujua. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Nikiamka nalishika, nikilala nalishika. Sasa nasikia kugonga." Aliifunga upya kanga yake. "Nikiosha vyombo nasikia kugonga."

Mwalimu alitaka kusema kwamba ukweli una haki yake, maneno aliyowahi kuyaandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Aliyaacha. Alisema pole tu, na pole yenyewe ilitoka kama ya mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu.

Kesi ilipoamuliwa, Pacha alikataa kubaki nyumbani. Alikaa mahakamani karibu na mama yake, mwalimu akakaa safu ya nyuma yao. Matroni alihukumiwa kifungo. Alipokuwa anashushwa kizimbani alimtafuta Pacha kwa macho. Pacha akasimama, mdomo ukiwa wazi, kama mwenye swali jingine. Mama yake akamvuta mkono, akakaa.

Nje, kwenye ngazi, mwalimu aliwawahi.

"Shikamoo, mama."

Mama alimsikia. Alimfunga binti yake kifungo cha juu cha sweta, ingawa jua lilikuwa kali, akamshika mkono, wakashuka ngazi bila kuitikia.