Sura ya Nne ya Bogna

Bogna alimwalika baba yake kwenye utetezi wa tasnifu ili aje kupendezesha ukumbi tu. Alimnunulia tai, akamkalisha nyuma kabisa karibu na meza ya keki, akamwonya: "Baba, usingizi ukikushika, lala. Ila usikorome." Alisahau jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa uzamivu pale chuo kikuu cha Toruń, Poland, analijua na hakuna anayelihofia: utetezi ni wa hadhara, na yeyote aliyemo ukumbini, hata aliyeingia kukimbia mvua, ana ruhusa ya kuuliza. Hakuna anayeuliza. Watu wanasubiri keki.

Na mambo yalikuwa yanamwendea vizuri, jamani! Tasnifu ilihusu ahadi tunazowapa wanaokufa, na sura ya nne ndiyo iliyobeba kila kitu: ahadi kwa marehemu haivunjwi kamwe, maana aliyeahidiwa hayupo tena kukufungua kutoka ahadi hiyo. Profesa Tyczka, mtahini wa kutoka nje, mwembamba wa mwili na wa huruma, aliishambulia sura hiyo saa nzima. Bogna hakurudi nyuma hata hatua moja. Sura hiyo ikianguka, miaka sita imekwenda na maji.

Wala hakuitoa vitabuni. Miaka tisa iliyopita alisimama kando ya kitanda cha hospitali, akamsikia mama yake akimwapisha baba: hakuna mwanamke mwingine atakayeingia jikoni kwangu. Baba, Zenon, akasema sawa. Basi Lucyna, mjane mcheshi wa ghorofa ya pili, akawa anamletea supu, na wawili hao wanainywa wamekaa kwenye ngazi, makoti mwilini, kama watoto waliofungiwa nje. Zenon akitaka kulizungumza, Bogna anamkata: "Baba, uliahidi." Lucyna alivumilia, akachoka. Leo hii jioni anahamia mji wa Gdańsk kwa dada yake.

"Kuna mwingine mwenye swali?" aliuliza mwenyekiti, macho kwenye keki.

Mkono ukanyanyuka nyuma. Wa Zenon, dereva wa tramu mstaafu! Bogna alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi si msomi," alisema mzee, tai imemkaba. "Nauliza tu. Huyo aliyekufa, kama aliomba kwa uchungu na woga, akaomba kitu asichostahili kuomba, bado nimefungwa? Samahani. Bado mtu amefungwa?"

Tyczka aliweka kalamu chini. "Saa nzima nauliza hilohilo," alinung'unika. "Mzee kamaliza kwa pumzi moja."

Watu wakacheka. Bogna hakucheka. Jibu alikuwa nalo, ukurasa wa mia moja themanini na mbili, kalikariri. Alifungua mdomo alitoe, akamwona baba yake amekishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, anasubiri. Aibu ikampanda hadi masikioni. Kumbe kurasa zote zile alikuwa anamzuia mama asiondoke, na mzigo amembebesha huyu mzee.

"Hapana," alisema. "Hajafungwa."

"Unasemaje?" Tyczka aliruka.

"Sura ya nne ina kosa, Profesa. Mtu akiomba kitu ambacho ni haki yake kukiomba, tunamtimizia hata akifa. Asipokuwa na haki hiyo, tunampenda, basi. Mama hakuwa na haki." Alimtazama baba yake. "Na nilikuwa najua."

Mwenyekiti alikohoa, akatangaza kwamba jopo linatoka kujadili matokeo.

"Subirini kwanza." Zenon alimgeukia karani wa kikao. "Binti, hilo alilosema umeliandika?"

"Nimeliandika, mzee."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Zenon akanyakua koti.

"Baba, husubiri matokeo?"

"Utaniambia, mwanangu," alijibu, tayari yuko mlangoni. "Lucyna anafunga masanduku!"

Viatu vyake vilisikika vikikimbia ngazini, na umri ule. Chumba cha pili jopo lilikuwa linabishana kwa sauti kama Bogna atakuwa daktari wa falsafa au la. Naye alikaa kwenye kiti cha karibu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akamlilia mama yake.