Jina la Muuza Mkaa

Walimwita Marashi, na si kwa mapenzi. Alikuwa fundi cherehani. Wateja walipokea nguo zao dirishani, hawakuingia. Tangu azae mtoto mfu, mkojo ulimtoka wenyewe, hata awe usingizini, na mumewe akamrudisha kwao kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka.

Asubuhi hiyo mdogo wake alikuwa chumba cha pili, uchungu wa mimba ya kwanza ukimtesa tangu jana. Marashi alivumilia vilio vyake. Kilichomfanya asimamishe cherehani ni sauti ya mama yao.

"Taja, mwanangu. Taja jina la huyo bwana wa nje, mtoto apate njia."

"Siri ndiyo imemziba," akaitikia mkunga, shoga wa mama. "Mtoto anaona haya kutoka."

"Sina bwana, mama..."

"Hata dada yako alisema hana. Mwishowe si alitaja?"

Marashi akaingia. Mkunga akaziba pua kwa ncha ya mtandio. "Wewe nawe! Humu ni chumba cha uzazi, si choo."

"Leo utanivumilia." Akakaa kitandani ubavuni mwa mdogo wake, shuka likalowa. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nilimtaja muuza mkaa, mtu ambaye hata mkono sijawahi kumpa. Nilitaja ili waniache. Mkampiga, akahama na wanawe. Mtoto alitoka hai? Mama, sema wewe, alitoka?"

Mama akajishughulisha na kukunja kanga.

"Basi tumpeleke hospitali."

"Mumewe yuko safarini. Ruhusa nitaipata wapi?"

"Akirudi atakuta maiti, au atakuta Marashi wa pili. Chagua."

Mama akainama, akaanza kutafuta viatu vyake.

Hospitali walimpasua mara moja, lakini mtoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Muuguzi aliacha mpira wa mkojo ndani, akaeleza kwa nini: kichwa kikikwama muda mrefu hubana nyama ya kibofu mpaka inakufa na kutoboka, mpira hukipumzisha kibofu, kilichochubuka kikapona. "Uchungu ukipita siku nzima, mama, msingoje. Hata mume msimngoje."

Pua yake ikamgeuza kwa Marashi. Hakuiziba.

"Na wewe, dada? Hiyo ni fistula, tundu kwenye kibofu. Inashonwa, na wengi hupona. Hakuna aliyekuambia?"

"Waliniambia ni uzinzi wangu."

Mama akageukia ukutani. "Yule muuza mkaa..."

Mdogo mtu alipozinduka, midomo imekauka, hakuuliza la mama yake wala la mumewe.

"Dada, nimelowa?"

Marashi akapitisha kiganja chini yake, taratibu, huku na huku.

"Mkavu."

Akafumba macho, akashusha pumzi. Ndipo akauliza mtoto yuko wapi.