Tanuri Chini ya Ulinzi

"Andika vizuri, baba, lisije likatoroka," Yunis alisema.

Afisa misitu Evance hakucheka. Alikuwa amechuchumaa juu ya tanuri la mkaa, kopo la rangi nyekundu mkononi, akimalizia neno KIDHIBITI kwenye udongo uliofuka moshi. Herufi tisa, kubwa, za kuonekana na ndege wapitao. Ile ya mwisho ilianza kuchemka kabla hajainua brashi.

Alishuka, akapangusa suruali, akaisoma barua kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa. Shughuli zote za mkaa katika misitu ya vijiji zimesitishwa kuanzia leo. Vibali vyote vilivyotolewa na vijiji vimefutwa hadi vihakikiwe upya huko juu. Kitakachokutwa msituni kisiguswe na mtu yeyote.

"Na moto?" Yunis aliuliza.

"Moto gani?"

"Uliomo humu ndani. Nao umesitishwa?"

"Mama, mimi sina masihara. Ukitia koleo hapo umeharibu ushahidi. Ni mahakamani, moja kwa moja."

Akawasha pikipiki, akashuka kuelekea upande wa Mikumi, ambako matanuri mengine yalikuwa yakisubiri kukamatwa.

Alibaki Octavian, mtendaji wa kijiji, kijana wa shati jeupe na viatu vya ofisini. Mwezi wa sita aliweka sahihi kwenye kibali cha Yunis. Leo ameweka sahihi ya kupokea barua inayokifuta, kwa kalamu ileile, na wino haukuonyesha dalili yoyote ya aibu.

"Mama Doris, pole," alisema.

"Pole mpe huyu." Yunis alilionyesha tanuri kwa kidevu. "Leo ana siku ya tano. Anahitaji nane."

Kwa asiyejua, tanuri haliachwi peke yake. Magogo yakiwa ndani yanaiva polepole chini ya nyasi na udongo, yakinyimwa hewa. Yanapoungua yanapungua, udongo unazama, nyufa zinafunguka. Kila ufa unazibwa hapo hapo kwa majani mabichi na udongo. Hewa ikiingia, mkaa unakuwa majivu kabla ya chai kuchemka, na ndimi za moto zinatoka kutafuta kingine cha kula.

Na cha kula kilikuwepo hatua ishirini tu kutoka hapo. Miaka mitatu iliyopita Yunis alivuna kitalu cha jirani, akaviacha visiki kimo cha goti kama kijiji kilivyoagiza, na sasa kila kisiki kilikuwa kimechipua fimbo nyembamba zilizomfika begani. Alizijua karibu zote. Nyingine alikuwa akizisalimia, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Sheria ya kulinda machipukizi hayo ilipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Atakayeuachia moto uyaingie hatavuna tena mlima ule maisha yake yote. Yunis aliiunga mkono kwa mikono miwili, katibu akamhesabu mara mbili, na hakuna aliyekata rufaa. Vijiji vya jirani, visivyokuwa na sheria ya namna hiyo, vilikuwa na milima yenye vipara. Chao kilikuwa na msitu, na kutokana na msitu huo, nyumba ya mkunga yenye bati jipya.

Saa tisa upepo ukapanda kutoka bonde la Tindiga.

Tanuri likakohoa. Ufa ukapita katikati ya neno la serikali, ukatenganisha KIDHI na BITI, na moshi uliokuwa mweupe na mzito ukaanza kutoka kwa kasi, mwembamba, ukipiga mluzi.

Yunis akalishika koleo.

"Mama, usiguse," Octavian alisema. Sauti yake ilipanda kama ya mvulana. "Nakuomba. Watakufunga. Na mimi nimeachwa hapa kama shahidi."

"Nisipogusa, mlima unaungua, na wewe huyohuyo utaniandikia barua ya kunifukuza. Ndivyo sheria yetu inavyosema, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi nichagulie, mwanangu. Nivunje yenu ya juu au yetu ya hapa?"

Octavian aliitazama barua, kurasa zote mbili, mbele na nyuma. Haikuwa na kifungu cha upepo.

Cheche moja ikaruka, ikatua kwenye majani makavu, ikafa. Ya pili haikufa haraka.

Yunis akaikanyaga kwa ndala, akachota udongo, akaumwaga juu ya herufi I. Kisha B. Alikuwa akifanya kazi bila kuinua kichwa, majani mabichi, udongo, piga, majani, udongo, piga, jasho likimwingia machoni. Ufa wa kwanza ukanyamaza. Ndipo akasikia mluzi mwingine upande wa pili wa tanuri, mbali na alipo, na akajua hatafika kwa wakati.

Moshi ulikuwa umelala chini, hauruhusu kuona hata urefu wa mkono.

"Octavian!"

Koleo lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo yeye. Akaendelea kupiga udongo wa upande wake, akisikiliza.

Ng'ambo ya moshi kitu kikaanza kukwangua ardhi, kama soli ya kiatu cha ofisini.