Pengo la Mkasi

Kofi la kwanza lilimkuta Kijiti ana pini mdomoni. Akazitema, damu ikafuata.

"Umekata nini kwa mkasi wangu?" Fundi aliuliza, na kabla jibu halijafika akaongeza la pili.

Mkasi ule ulikuwa kama mke mdogo wa Fundi. Haukukata karatasi wala kamba, na hata mke halisi, dada yake Kijiti, alikatazwa kuugusa. Leo umeota pengo katikati ya makali, na kila kitambaa unakitafuna kama mbuzi.

"Shemeji, mimi sijaharibu kitu. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo pengo limejiotea lenyewe, kama uyoga?"

Rula ya mbao ikashuka begani, ikavunjika. Fundi akapapasa mezani atafute kingine cha kupigia, akakutana na pasi ya moto, akaiinua. Akaukamata mkono wa kulia wa Kijiti, ule wa kushonea, akaubana mezani.

"Mkono wa mwongo hauna kazi hapa."

"Baba watoto, mwache mdogo wangu," dada alilia, akiingia mbio.

"Nyamaza. Ukoo wenu umenila mpaka mkasi."

Kijiti alisikia harufu ya kidole gumba chake kikiungua kabla ya kusikia maumivu. Mkono huu ukienda, na kazi imekwenda. Hajazaliwa fundi wa kushona kwa meno. Akarusha goti bila kulenga, likampata Fundi nyongani. Goti lenyewe ni la Kijiti, haliwezi kumwangusha hata kuku, lakini Fundi alipiga ukelele, pasi ikamponyoka, akawa anaruka kwa mguu mmoja huku doa la damu likitanuka kwenye suruali yake mpya. Tangu asubuhi alikuwa akijikuna hapohapo na kuwalaani kunguni wa benchi.

Dada akapiga magoti, akapapasa mshono, akavuta. Nusu ya pini. Haikuvunjika, ilikatwa, kichwa hakipo. Akauchukua mkasi bila kuomba ruhusa, akakilaza kipande kwenye pengo. Kikakaa kama mtoto mgongoni.

"Suruali hii aliikata nani?"

Fundi akatazama dari. Aliikata mwenyewe juzi, pini zote zikiwa ndani, huku akimcheka Kijiti anayezichomoa kwanza na kuzibana mdomoni. Woga wa kike huo, alisema.

"Basi, shemeji," Fundi alisema sasa, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. "Yamepita."

Kijiti alimjibu kwa ngumi ya kushoto. Jino la mbele la Fundi likadondoka katikati ya mabaki ya vitambaa.

Dada hakuliokota. Alimsogezea mdogo wake ndoo ya maji atie kidole, kisha akamgeukia mumewe aliyeziba mdomo, damu ikimchuruzika kati ya vidole, akamwekea mkasi mapajani.

"Haya," alisema. "Sasa mmefanana."