Picha za Sophia

...na huyu afande amekaa kwenye kiti cha maharusi, kiti ambacho hakijawahi kukaliwa na mwanamume tangu Nasreen afungue saluni hii Mtaa wa Sikukuu, amekaa miguu kaitanua, kidole juu ya kompyuta, "Pasiwedi, dada, tusipotezeane muda," na nje Kariakoo inapiga kelele zake, njoo uchague, njoo uchague, kama vile humu ndani hakuna mtu anayevuliwa nguo... wanamtaka Idrisa, mdogo wake Nasreen, eti ameandika mtandaoni habari za fundi wa mtaa wa Gerezani aliyefia mahabusu, sawa, na aliandikia hapa hapa, kwenye kompyuta hii, sawa, basi wachukue maandishi yao waondoke, lakini huyu Seifu, ndivyo alivyojitaja, Afande Seifu, hataki maandishi tu, anataka mlango, akiingia humu kaingia kwenye kompyuta ya nyumbani, kaingia kwa Jyotsna, mpiga picha wa ghorofa ya juu, zote zimeunganishwa, ukifungua moja umezifungua zote, picha za maharusi vichwa wazi, mabega wazi, wanawake waliomwambia da Nasreen, hizi tuzione mimi na wewe tu... "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" ...anaogopa nini, Mola wangu, anamwogopea Sophia, aliyekuja na baibui lake akasema nipige picha, si za urembo, akashusha mtandio, shingo nzima alama za vidole, "Zitunze, nikienda mahakamani nitazitaka," na aliyemkaba ni mumewe, Abdulswamad, askari wa kituo kimoja na huyu Seifu, wanakula pamoja, wanacheka pamoja, na kwenye ujumbe wake wa mwisho, humo humo, Sophia ameeleza nyumba anamojificha Kigamboni... na vidole vya Nasreen vilishaanza kusogea, vidole vya mtu aliyelelewa kutii, toa, yaishe, ukapike... yaishe kwa nani? na ghafla anamchukia, manukato yake, kucheka kwake kwa puani, chuki baridi, inamnyoosha mgongo, "Hati ya upekuzi iko wapi, afande?" nani kasema hivyo, ni yeye, sauti ni yake, "Hati? Mimi ndiyo hati," haya, wamlaze ndani basi, waibebe na kompyuta yenyewe, pasiwedi iko kichwani mwake na kichwa hakina waya wa kuchomeka, hakina, watapekua mpaka wachoke, "Pasiwedi, dada," anarudia, kidole bado kiko palepale, na Nasreen anavuta stuli, anakaa, mikono mapajani, mbali na kompyuta.