Balbu ya Mikayi

Mwalimu Mogaka hakunipenda, na mimi sikumwomba anipende. Tulifundisha fizikia sisi wawili katika shule moja ya wasichana nje ya Awendo, yeye kwa kiboko na kanuni za kukariri, mimi kwa sigana, ngano za Kiluo. Mwaka ule wa tisini na sita akaenda kunichongea kwa mwalimu mkuu, Madam Priscah, kwamba nawajaza wasichana wa kidato cha nne hadithi za jikoni na mtihani wa taifa utawashinda. Madam akasema atakuja kuketi darasani ajionee. Akiona upuuzi, darasa ni la Mogaka. Wasichana wale nilikuwa nao tangu kidato cha kwanza! Nilikasirika hadi chai ikanishinda kunywa.

Siku ikafika, wakaketi nyuma wote wawili. Sikubadilisha kitu, ng'o. Nikachora betri na balbu mbili za aina moja zinazofuatana kwenye waya mmoja, nikaanza. Betri ni jikoni kwa mama mkwe. Chakula kinatoka, kinapita kwanza kwa mikayi, mke wa kwanza, ndipo kifike kwa nyachira, mke wa pili. Nikawapa mikayi mwenye maringo, anayejipakulia bila haraka huku mwenzake akimeza mate mlangoni. Wasichana walicheka wakapiga madawati. Hapo nikauliza ni balbu gani itawaka zaidi.

Mikono ikainuka, wote wakasema ya mikayi. Ndivyo nilivyotaka. Sigana ile ilikuwa mtego: waamini kwanza, kisha waone kwa macho yao ilipowadanganya, nao hawatasahau hadi kaburini. Nikamwambia msichana wa mbele, Scovia, aunganishe waya wa betri na balbu za kweli zilizokuwa mezani. Balbu zikawaka sawasawa.

Mogaka akaangua kicheko. "Akili ni nywele," akasema, "lakini kila aliyeinua mkono humu ana upara."

Hakuna aliyecheka naye. Darasa zima lilikuwa limegeuka kutazama kando yake. Madam Priscah, mwalimu wa historia, mikayi mwenyewe katika boma la wake watatu, mkono wake ulikuwa bado juu.

Aliushusha polepole. Mimi nikadhani Mogaka amekwisha, na moyo wangu ukacheza. Kumbe Madam hakumwangalia Mogaka hata kidogo. Aliniangalia mimi.

"Umeniaibisha mbele ya watoto wangu," akasema. "Mwalimu Mogaka, chukua darasa lako."

Mogaka hakungoja kuambiwa mara mbili. Akafuta mchoro wangu, akaandika kwamba mkondo ni uleule kila mahali, akaamuru wanakili. Nikakusanya vitabu vyangu. Nilikuwa mlangoni Scovia aliposimama.

"Madam, kwa nini zimelingana?"

Alikuwa akiniuliza mimi, si Madam Priscah. Mogaka akamwambia aketi. Hakuketi.

"Kwa sababu umeme hauliwi kama ugali," nikamjibu, kwa sauti ya kufika nyuma alipokaa yule mama. "Fikiria ng'ombe wa mahari wanaoswagwa kwenye njia nyembamba. Waliopita lango la kwanza ndio haohao watakaopita la pili. Mikayi hawezi kujibakizia hata ndama mmoja."

Madam Priscah akaniamuru nitoke. Nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia Mogaka akifoka kwamba hakuna ruhusa ya kuandika hayo, na kalamu za wasichana zikiendelea kuandika.